Tiketi ya Punguzo: Soma Jina Kabla ya Kuweka PIN

Bango limeingia kwenye grupu lenu la WhatsApp. Shoo ya laivu Lodwar, bendi ya indie pop kutoka Nairobi. Tiketi langoni ni shilingi 1,500, lakini ukilipa leo ni 1,000 tu. Chini kuna nambari ya simu. Uko Kalemng'orok, salio linatosha, na mwisho wa ofa ni saa sita usiku.

Bei ni poa, hatukatai. Ila kabla hujaweka PIN, tuangalie hiyo mia tano unayookoa inatoka wapi.

Punguzo si zawadi

Mwandalizi wa shoo huanza kutumia pesa wiki nyingi kabla ya wimbo wa kwanza. Kuna amana ya uwanja, vyombo vya sauti, jenereta na usafiri wa bendi. Msanii huru hana kampuni kubwa ya muziki ya kumlipia gharama hizo mapema, kwa hiyo mara nyingi mashabiki ndio wanaozibeba. Nairobi mtindo huu umezoeleka. Tamasha la Blankets & Wine, lililoanzishwa na Muthoni Drummer Queen mwaka wa 2008, huuza tiketi za mapema kwa bei ya chini kuliko za baadaye.

Kwa lugha nyingine, ukinunua tiketi ya mapema umemkopesha mwandalizi, na punguzo ndilo faida yako. Kama mkopo wowote, unabeba hatari. Machi 2020 serikali iliposimamisha mikusanyiko kwa sababu ya korona, shoo zilisimama nchi nzima. Wakati kama huo, mwenye tiketi ana swali moja tu: pesa yangu iko kwa nani?

Basi uliza mapema. Shoo ikiahirishwa, tiketi yangu inabaki halali? Ikifutwa, narudishiwa pesa kwa njia gani, ndani ya siku ngapi? Mwandalizi wa kweli ana jibu, na hulitoa kwa maandishi. Uliza pia kama kweli kuna kiingilio. Kuna maonyesho ya umma ambayo watu huingia bure, na mtu akikuuzia tiketi ya shoo ya bure amekuuzia hewa.

Hesabu ya Kalemng'orok si ya Lodwar mjini

Mtu anayeishi Lodwar anafika uwanjani kwa bodaboda. Wewe uko kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, kati ya Kainuk na Lokichar. Una nauli ya kwenda na kurudi, chakula na mahali pa kulala, maana shoo ikiisha usiku wa manane gari la kurudi ni la kesho. Na mvua ikinyesha, laga zikajaa, hiyo barabara haina haja na tiketi yako.

Chukua bei za bango letu. Tiketi tatu za mapema ni 3,000. Tiketi mbili za langoni pia ni 3,000. Maana yake, ukinunua mapema mara tatu ukakosa kufika mara moja, punguzo lote limeisha. Ukikosa zaidi ya hapo, umelipa zaidi ya yule aliyengoja langoni.

Kwa hiyo nunua mapema ukiwa na uhakika wa safari: nauli umeitenga, na ndugu wa kukulaza umeongea naye. Kama bado unabahatisha, 1,500 ya langoni inaweza kuwa ndiyo bei nafuu kwako. Lakini uliza kwanza kama tiketi za langoni zitakuwepo.

Pesa inaingia kwa nani?

Nambari ya simu iliyo kwenye bango inaweza kuwa ya mwandalizi. Inaweza pia kuwa ya mtu aliyechukua bango la kweli, akafuta Till na kuweka laini yake. Kwa macho huwezi kutofautisha. Tafuta ukurasa wa bendi yenyewe au wa uwanja, ulinganishe nambari ya malipo tarakimu kwa tarakimu.

Kisha soma jina. Ukituma pesa kwa mtu, ujumbe unaonyesha jina lake. Ukilipa kwa Till, unaonyesha jina la biashara. Ukilipa kwa Paybill, unaonyesha jina la biashara pamoja na akaunti uliyoweka. Kama bango linasema kampuni ya burudani na skrini inaleta jina la mtu usiyemjua, simama hapo hapo. Ofa ikipita, ipite.

Mmoja akinunulia wengine

Marafiki watano wakichanga na mmoja akalipa, ujumbe wa tiketi unaingia kwenye laini yake, na pesa zikirudishwa kwa kawaida zinarudi hapo hapo. Ni hivyo hivyo kwa anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, jambo ambalo watu wa Kakuma wanalijua vizuri. Andikeni nani ametoa ngapi, na kila mmoja atumiwe nakala ya ujumbe wa malipo. Pesa kidogo zimevunja urafiki mkubwa.

Mambo yakiharibika

Ukikosea nambari kwenye M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Ukitapeliwa, piga simu huduma kwa wateja, kisha ripoti kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wa malipo na picha ya bango. DCI pia wana nambari ya bure, 0800 722 203.

Jihadhari na tapeli wa pili. Shoo ikiahirishwa, atapiga simu akisema anakurudishia pesa na anahitaji PIN yako. Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Akiitaja tu, kata simu.

Siku ya safari, usiende na picha ya tiketi kwenye simu peke yake. Hiyo simu ndiyo utasikilizia muziki njiani, ndiyo utapigia picha, na chaji itaisha kabla hujafika mlangoni. Andika nambari ya tiketi na nambari ya muamala kwenye karatasi, uiweke mfukoni pamoja na kitambulisho. Usisahau kubakisha nauli ya kurudi kwenye laini.