Hisa 420 za Mama Mapacha

Januari 2008 petroli ilikuwa adimu Tororo, Uganda. Kenya ilikuwa inawaka moto baada ya uchaguzi, malori ya kutoka Mombasa yamekwama njiani, reli imeng'olewa Kibera. Wakenya waliokimbia walivuka Busia na Malaba na magodoro kichwani, na wengi wakapelekwa kambi ya Mulanda, wilayani Tororo. Ni mwaka huohuo ambao mimi na mke wangu tulinunua hisa zetu za kwanza.

Mimi ni mtu wa Tororo, yeye kwao Matayos, upande wa Kenya. Tulikaa Busia. Yeye aliuza omena sokoni, wale dagaa ambao ukivuka mpaka wanaitwa mukene, nami nilifundisha shule ya binafsi ng'ambo ya mpaka, Uganda. Sisi watu wa mpakani mali tunaijua kwa kuishika: gunia la mahindi, ng'ombe, matofali, bunda la noti lililofungwa kwa mpira mkononi mwa mbadilisha fedha. Mama mkwe alipoambiwa tunanunua sehemu ndogo ya kampuni ya simu, aliuliza swali moja tu: "Na hiyo sehemu mtaiweka wapi?"

Serikali ya Kenya ilikuwa inauza asilimia 25 ya kampuni hiyo, Safaricom, yaani hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalipokewa kuanzia Machi 28 hadi Aprili 23. Watu walikuwa bado wanakumbuka hisa za kampuni ya umeme ya KenGen za 2006, zilizouzwa shilingi 11.90 na mara tu zilipoingia sokoni bei ikazidi mara tatu. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyojaza foleni za benki. Wachache walitaja kwamba Machi hiyohiyo kampuni ya udalali ya Nyaga ilikuwa imewekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na wateja wake wanahangaikia hisa zao.

Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000. Shilingi 10,000 za Kenya, zaidi ya laki mbili na nusu za Uganda. Kwa mwanamke wa omena hiyo si akiba, ni mtaji wenyewe. Tuliipata nusu kwenye meza yake, nusu kwenye mshahara wangu. Kwa kuwa yeye ndiye mwenye kitambulisho cha Kenya, akaunti ya hisa ilifunguliwa kwa jina lake. Ndugu zangu hawakufurahi. Kaka yangu mkubwa aliniita kando akaniambia mwanamume hapeleki pesa zake ukweni. Nilimjibu kwamba pesa ni zetu wawili, na nusu ni za samaki wake.

Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, hivyo kila mtu akapunguziwa. Tulioomba 2,000 tulipata 420. Hizo zilikuwa shilingi 2,100. Zile 7,900 zilizobaki zilipaswa kurudi. Zilirudi, lakini baada ya wiki nyingi za kupiga simu kwa dalali na kuambiwa "kesho". Wiki hizo zote meza ya mke wangu, Mama Mapacha, ilikuwa na karai moja badala ya matatu. Juu ya jambo hili sijabadilisha mawazo: mauzo yanayofungia mtaji wa mchuuzi kwa muda mrefu, kisha yakampa moja ya tano ya alichoomba, yamemtoza gharama isiyoandikwa kwenye fomu yoyote. Aliyekopa benki aliumia zaidi. Jirani yetu alipata hisa chache, akabaki na riba ya mkopo mzima, akauza pikipiki.

Juni 9 hisa ziliingia sokoni Nairobi na bei ikapita shilingi 7. Tulisherehekea kwa kuku. Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka Marekani, mdororo ukaenea duniani, wawekezaji wa nje wakaanza kuondoa pesa zao, na mapema 2009 hisa yetu ya shilingi 5 ilikuwa chini ya 3. Jirani aliuza zake zote, kwa sababu benki haikungoja. Sisi hatukudaiwa na mtu.

Nilitaka tuuze. Mke wangu alikataa, na sababu yake haikutoka gazetini. Aliangalia meza yake. M-Pesa ya Safaricom ilikuwa imeanza Machi 2007, na kufikia wakati huo wateja wake wa Funyula walikuwa wanamtumia pesa kwa simu kabla gunia halijapakiwa. "Baba Mapacha," aliniambia, "watu wanaacha kutuma salamu, lakini hawaachi kutuma pesa." Mgao mmoja wa faida ulikuwa senti 10 kwa hisa: shilingi 42, kodi ikakata 2.10, zikabaki 39.90. Akanunua chumvi na kiberiti. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40. Hakuuza hata hapo, na bei ikateremka tena baadaye. Hapo naamini alikosea, na nilimwambia.

Mwaka huo wa 2021 shida ilikuwa upande wangu. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa kwa korona tangu Machi 2020, ukiacha vipindi vya madarasa machache, nami sikuwa na mshahara. Oktoba kampuni ya simu ya MTN Uganda ikatangaza hisa kwa shilingi 200 za Uganda, kiwango cha chini 500. Laki moja, karibu 3,000 za Kenya. Pesa zilitoka kwenye omena. Safari hii jina lilikuwa langu, na kila kitu kilifanyika kwa simu tukiwa tumekaa kwenye mkeka.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza. Nikamwonyesha ujumbe. Akaenda chumbani akaleta daftari lake la wadeni, lile lenye kadi za kliniki za mapacha wetu katikati ya kurasa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba ya akaunti yake na, chini yake, 420. Alinirudishia simu, akaniambia nimsomee namba taratibu, akaandika.