Janti ya alumini yenye kukwaruzika: namna ya kuitengeneza, na wakati wa kuikataa

Wandugu na dada wenye kumaliza masomo, na ninyi wadogo wenye kuwa bado ku oditori, leo tuongee juu ya kazi moja ya mukono: kurudishia uzuri janti za alumini. Mutu ataniuliza: ingenieri wa kilimo anatafuta nini mu mambo ya janti? Jibu ni fupi. Alumini yenye kuwa ndani ya janti ndiyo ile ile tunayoisoma mu somo ya udongo. Ukielewa moja, unaelewa na ingine.

Tuanze na mahali tunaishi. Bukavu ni muji wa milima, njia ni nyembamba, kanivo ziko wazi, na kila dereva anasogea pembeni ili mwenzake apite. Ukingo wa janti unagusa beto ao jiwe, unakwaruzika. Magari mingi yetu yanatoka Japani, yamekwisha kutumika, na mengi yako na janti za alumini. Mwenye gari anataka zingae tena, na mpya ni bei kali. Ndiyo maana kazi iko.

Janti imetengenezwa na nini?

Hapana alumini tupu. Kwa kawaida wanachanganya alumini na silisiamu, karibu 7 kwa mia, pamoja na manyezi kidogo sana. Kisha kuimimina, wanaipasha moto karibu digri 540, wanaizamisha mu maji, halafu wanaipasha tena kwa moto mudogo, karibu digri 150, kwa saa kadhaa. Ule moto wa mara mbili ndio unaipa nguvu. Mushike hii vizuri, tutairudilia.

Tofauti na janti ya chuma ni hii: chuma ikigonga shimo inajikunja, unaipiga nyundo, inarudi. Alumini ya kumimina inajikunja kidogo tu, halafu inapasuka.

Kwanza kuangalia, kisha kupaka

Janti inatoka ku gari, na mupira unatoka ku janti. Kuado anaifanya kwa dakika chache. Usikubali kutengeneza janti yenye kuwa bado na mupira, juu nyufa nyingi zinaanzia upande wa ndani, kule macho hayafiki.

Osha na maji na sabuni ya kawaida, kausha. Halafu fanya jaribio la zamani lenye halihitaji mashini: pakaa petroli ya taa mahali unaposhuku, ngojea dakika kumi na tano, pangusa mpaka pakauke, nyunyuzia unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, petroli yenye ilijificha ndani itapanda na kuchora mustari ndani ya chaki. Zungusha pia janti ku mashini ya ekilibraji uone kama inayumba.

Sasa gawanya janti mu makundi matatu:

1. Mikwaruzo ya juu tu, ku ukingo ao ku uso: unaitengeneza.
2. Janti imejikunja: hii ni kazi ya mutu mwenye mashini ya kunyoosha, hapana nyundo na moto wa wazi.
3. Kuna ufa, ao kipande kimevunjika: unaikataa.

Juu ya nini tusisude ufa?

Kumbukeni ule moto wa mara mbili. Ukisude, sehemu ya pembeni ya sudire inapata moto mukali bila ule mupango wa kiwanda, na nguvu yake inapotea. Kwa macho, ufa umefungwa. Lakini chuma ya karibu yake imekuwa laini, na ufa mupya utaanzia palepale. Weka mastiki na rangi juu yake, hakuna mutu atauona tena. Na ile gari kesho itashuka milima ya Ngomo kwenda Kamanyola, imejaa watu, bonde iko pembeni.

Ndiyo maana ninasema: kazi hii si ya rangi tu. Mutu mwenye kupaka rangi juu ya ufa ameficha habari yenye dereva alihitaji.

Kemia kidogo

Alumini ikikutana na hewa, palepale inajifunika na ngozi nyembamba sana ya oksidi. Ngozi ile inaichunga isilike. Ila inavumilia paka kati ya pH 4 na 8,5 hivi. Chini ya pale asidi inaiyeyusha, na juu ya pale besi inaiyeyusha.

Wanaagronomia wanajua upande wa asidi: mu udongo wenye pH chini ya 5,5, alumini inaanza kuyeyuka na kuchoma mizizi ya maharagi, na tunatia chokaa ili kuituliza. Ku janti ni sheria ile ile. Kwa hiyo usiisafishe na asidi ya batri. Wala na sodi kostiki ya watengeneza sabuni: ile inakula alumini na kutoa gazi ya idrojeni, yenye inawaka moto.

Ngozi hii inafundisha pia jambo la pili: rangi ya kawaida haishiki vizuri juu yake. Ukipaka rangi moja kwa moja juu ya alumini, kisha miezi michache itafura na kutoka kama maganda. Mara ingine utaona mistari myeupe kama minyoo chini ya verni. Ni kutu ya alumini, yenye iliingia mahali verni ilipasuka.

Hatua za kazi

Ondoa rangi ya zamani yenye imeachana na alumini. Lainisha meno ya ukingo na tupa, kisha papiye ya emeri namba 80 ao 120, halafu 240, halafu 400 na maji. Mukwaruzo wa chini ya milimita moja unaisha kwa kusugua tu. Wenye kuzidi kidogo, jaza na mastiki ya epoksi yenye unga wa alumini, ku ukingo wa nje tu. Usiweke mastiki pale mupira unakalia, wala karibu na matundu ya bulo.

Pangusa mafuta yote na diluani. Pakaa apre ya epoksi siku ile ile, kabla oksidi haijakuwa nene na vumbi halijarudi. Kisha rangi, tabaka mbili ao tatu nyembamba, unangojea dakika 10 mpaka 15 kati ya moja na ingine. Mwisho verni, tabaka mbili. Mu mvua yetu ya Bukavu, fanya kazi ndani, juu hewa yenye maji inafanya verni kuwa nyeupe kama maziwa. Acha ikae siku nzima kabla ya kurudisha mupira, na juma moja bila kuiosha na sabuni kali.

Mambo mawili wengi wanayasahau. La kwanza: funika matundu ya bulo na uso wenye kugusa gari, rangi isifike pale. Rangi nzito inasagika polepole chini ya bulo, na bulo inalegea. Kaza kwa kle ya dinamometriki. Toyota ndogo nyingi zinaomba 103 Nm, lakini fuata kitabu cha gari yenyewe. Kisha kilometa 50 mpaka 100, mwenye gari arudi mukaze tena.

La pili ni mapafu yako. Verni yenye kuchanganywa na dawa ya kugandisha iko na izosianati. Hii inaweza kukupa asma ya maisha, na kitambaa ku pua hakizuie kitu. Ukitumia pistole, inahitajika maski yenye kuleta hewa safi kutoka inje. Kama hauna, chukua verni yenye haina ile dawa. Haitadumu sana kama ile ya kwanza, lakini utaipulizia bila kuuza pumuzi yako. Hata pale, vaa maski ya karboni na ufungue madirisha.

Na sisi je?

Diploma haijakataza mukono kushika papiye ya emeri. Kile masomo yalitupa ni tabia ya kuuliza sababu kabla ya kutenda, na kuandika matokeo. Anza na kaye: picha ya janti mbele na kisha, jaribio la chaki lilionyesha nini, bulo zilikazwa kwa nguvu gani. Mupe mwenye gari kopi. Na siku chaki itachora ule mustari, mwambie wazi: "Papa, hii sitaitengeneza, na usiipeleke kwa mwingine aifiche." Utapoteza pesa za janti moja. Ila akipata kazi ingine, atajua mulango gani wa kupiga hodi.