Bakteria wawili wa bomba moja

Julai 1976, wanachama wa American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani, walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Hazikupita siku nyingi baada ya kurudi makwao, wakaanza kulazwa kwa homa kali na nimonia. Walioorodheshwa kuugua walifika 221, na 34 kati yao walifariki. Miezi ilipita kabla ya Joseph McDade, mtafiti wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, kumnasa mhusika: bakteria wa majini, ambaye leo anaitwa Lejionela kutokana na jina la chama hicho.

Katika mkasa huo, waliopewa dawa za ukoo wa penisilini hawakunufaika nazo, ilhali waliopewa eritromaisini au tetrasaiklini walipona kwa wingi zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kuelewa usugu wa bakteria hawa, kwa sababu dawa inaposhindwa, tunakimbilia kusema kwamba vijidudu vimekuwa sugu. Lejionela hakuwa ameuzoea ukoo wa penisilini. Dawa haikumfikia alipo.

Mwaka 1980 Timothy Rowbotham, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba Lejionela huingia ndani ya ameba na kuzaliana humo. Ameba humeza bakteria ili amle, lakini huyu akishamezwa hajitoi kuwa chakula. Anajitengenezea kijumba, anakula na kuongezeka hadi ameba anapasuka. Mtu akivuta hewa yenye matone madogo ya maji hayo, kutoka kwenye bomba la mvua la bafuni au mnara wa kupozea mitambo ya viyoyozi, seli za ulinzi za mapafu humeza bakteria kama ameba alivyofanya. Naye anaishi humo vilevile. Penisilini na seftriaksoni hazipenyi vya kutosha ndani ya seli hizo. Azithromaisini na levofloksasini hupenya, ndiyo maana zinatibu.

Usugu wa kweli upo, ila ni adimu. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi waliripoti Lejionela, kutoka kwa mgonjwa, asiyewezwa na dawa ya siprofloksasini. Mwaka uliofuata, watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mabadiliko ya jeni yanayoleta usugu wa aina hiyo yanaweza kutokea ndani ya mapafu ya mgonjwa huku akiendelea na matibabu. Baadhi ya Lejionela wana pia pampu inayotema azithromaisini nje ya mwili wao na kuwapa ustahimilivu kiasi.

Kwa nini basi usugu huo haujaenea, ilhali dawa hizi zimetumika kwa miongo kadhaa? Jibu langu ni njia ya kurudi. Lejionela aliyepata usugu kifuani mwa mgonjwa hana pa kwenda. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukoholeana. Kisa kimoja tu kinachodhaniwa kuwa cha mtu kwa mtu kimeelezwa, wakati wa mlipuko wa Ureno mwaka 2014. Mgonjwa akipona au akifa, usugu ule unakoma naye. Atakayeugua kesho atampata bakteria kutoka majini, ambaye hakuwahi kukutana na dawa ile.

Sasa mtazame jirani yake. Ndani ya mabomba hayohayo, kwenye utando telezi unaofunika kuta zake, anaishi Sudomonasi. Huyu huwashambulia wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia, watoto njiti na wenye majeraha ya moto. Majira ya baridi ya 2011 kuingia 2012, watoto wachanga wanne walifariki Ireland ya Kaskazini kwa maambukizi ya Sudomonasi, na uchunguzi ukaelekea kwenye koki za maji za wodi. Tofauti na mwenzake, yeye anayo njia ya kurudi. Makohozi ya mgonjwa na mabaki ya dawa humwagwa kwenye sinki. Kule chini bakteria aliyekwisha kuonja dawa anatulia kwenye utando, na maji yakifunguliwa kwa nguvu yanamrusha hadi kitanda cha pili. Kila mzunguko unamwimarisha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimweka Sudomonasi asiyesikia dawa za ukoo wa meropenemu katika daraja la juu kabisa la hatari. Huko Nijmegen, Uholanzi, wodi moja ya wagonjwa mahututi iliamua kuondoa masinki kwenye vyumba vya wagonjwa, na bakteria wa aina hii wakapungua.

Linaloniumiza ni jinsi kosa kuhusu bakteria wa kwanza linavyoweza kumlisha wa pili. Hospitali zetu nyingi za Afrika Mashariki hazina kipimo cha Lejionela. Mgonjwa wa nimonia akichomwa seftriaksoni bila nafuu, anapandishwa kwenye meropenemu. Kama anaugua Lejionela, sindano hiyo nayo ni ya ukoo uleule wa penisilini usiomfikia. Lakini Sudomonasi wa wodini inawafikia vizuri: inaua walio dhaifu na kuwaachia sinki walio sugu. Hivyo mgonjwa mmoja anakosa tiba, na wanaomfuata wanarithi maji mabaya zaidi.

Wala tusidhani maji yetu hayamfai Lejionela. Anastawi kwenye nyuzi joto 25 hadi 45, joto ambalo simtanki juu ya paa hulifikia bila shida katika jua la Dar es Salaam au Mombasa. Klorini peke yake haitoshi, maana ameba humkinga. Kinachosaidia ni kusafisha tangi, kufungulia mabomba yaliyokaa bila kutumika, na kuhifadhi maji ya moto kwenye nyuzi 60.

Kipimo cha mkojo kipo na hutoa jibu haraka, ila hugundua hasa aina moja ya Lejionela, ile iliyopewa namba moja. Jibu la hapana halimalizi shaka. Ndiyo maana daktari aliye na mgonjwa wa nimonia asiyesikia seftriaksoni anapaswa kumuuliza alilala wapi wiki mbili zilizopita na alioga maji gani, na kuongeza azithromaisini kabla ya kuifikia meropenemu.