Gharama ya chujio la maji haiishii dukani

Je, ni chujio gani la maji linalofaa nyumba yenye mapato ya kawaida? Swali hili naulizwa karibu kila wiki, hasa mvua inapoanza kunyesha, mabomba yanapopasuka na watoto kuanza kuhara. Wengi hutaka niwatajie jina la kampuni. Sitafanya hivyo. Jina lililoandikwa kwenye kifaa si muhimu kama kilicho ndani yake, na gharama kubwa ya chujio aghalabu huja baada ya siku ya kulinunua.

Miezi michache iliyopita mama mmoja alinijia na watoto wawili waliokuwa wamehara mara tatu katika muda wa miezi miwili. Nilipomwuliza kuhusu maji ya kunywa alishangaa. "Daktari, kwangu tuna chujio, tena la bei," akasema. Nilimwomba aje nalo. Alilileta kwa matatu likiwa limefungwa kwa leso, na abiria wenzake, aliniambia, walidhani amebeba sufuria za harusi.

Chujio lenyewe lilikuwa la aina inayotumiwa katika nyumba nyingi humu nchini, yaani vyombo viwili vilivyopandanishwa. Maji hutiwa katika chombo cha juu, hupenya polepole katika kipande cheupe cha udongo wa kauri chenye umbo la mshumaa, kisha hudondoka katika chombo cha chini chenye kifereji. Mshumaa huo ndio chujio. Vingine vyote ni vyombo tu. Vitundu vya mshumaa mzuri havifiki hata sehemu moja kwa elfu ya milimita, na kwa hivyo viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na amiba hukwama nje.

Mshumaa wa mama huyu ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele karibu na kitako. Hapo awali alikuwa na mazoea ya kuchemsha maji na kuyamimina yakiwa bado moto. Joto la namna hiyo hulegeza gundi na laweza kupasua udongo. Baadaye gesi ilipompiga mfukoni aliacha kuchemsha, akategemea chujio pekee. Kisha akaona maji yanatoka haraka kuliko zamani, naye akafurahi. Kumbe yalikuwa yakipitia kwenye ufa pamoja na viini vyake! Alijua kwamba maagizo yalimtaka kubadilisha mshumaa kila mwaka, lakini alikuwa ameuvumilia hadi mwaka wa tatu ili aokoe pesa. Mtoto mdogo alilazwa siku mbili akitiwa maji mwilini kwa mshipa, na gharama ya siku hizo mbili ingenunua mishumaa kadhaa.

Basi mtu aokoe wapi, na asiokoe wapi?

Anza na hesabu kabla ya kununua. Watu watano wakinywa lita 2 kila mmoja kwa siku, hiyo ni lita 3,650 kwa mwaka. Tuseme chujio la kwanza linauzwa Sh3,000 pamoja na mishumaa miwili, na kila mwaka mishumaa hiyo hubadilishwa kwa Sh1,600. Kwa miaka mitatu utatumia Sh6,200, yaani kama senti 57 kwa lita. Tuseme la pili ni la kufungwa kwenye mfereji, bei yake ni Sh2,500 tu, lakini kichungi chake cha ndani hubadilishwa kila miezi mitatu kwa Sh1,200. Kwa miaka hiyo mitatu utatumia Sh15,700, ambayo ni zaidi ya Sh1.40 kwa lita. Bei hizi nimezitoa kwa mfano, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Mwulize mwenye duka bei ya kipuri, kinadumu kwa lita ngapi, na kama anacho hapo dukani. Akianza kukuna kichwa, nenda duka jingine.

Pili, usinunue mashine inayotibu ugonjwa ambao maji yako hayana. Kuna mitambo ya umeme inayosukuma maji kwa nguvu katika utando mwembamba sana. Mitambo hiyo ni ghali, na mingi hutupa lita 2 au zaidi kwa kila lita moja unayokunywa. Mahali ambapo mfereji hutoa maji mara mbili kwa juma, huo ni ubadhirifu. Ina kazi yake mahali penye maji ya chumvi au yenye madini ya floraidi kwa wingi, kama ilivyo katika visima vingi vya Bonde la Ufa, sehemu za Nakuru na Naivasha. Madini hayo ndiyo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia na, yakizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. Mshumaa wa kauri hauyaondoi, na kuchemsha huyazidisha kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mradi wa Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ulitengeneza machujio yanayotumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kuyanasa, na njia hiyo ni rahisi kuliko mitambo. Ukiwa na kisima huko, pima maji kwanza ndipo ununue.

Jihadhari pia na vichungi vyenye kaboni peke yake. Kaboni hupunguza harufu na ladha ya klorini, na maji huwa matamu kweli, lakini haiui viini.

Mahali pa kuokoa hasa ni kabla maji hayajafika kwenye mshumaa. Matope ndiyo huuziba. Yaache maji yatulie katika ndoo iliyofunikwa usiku kucha, kisha mimina ya juu taratibu kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, na tope libaki chini. Maji ya mto yaliyo mekundu yanaweza kutulizwa kwa shabu kidogo. Kazi hii haigharimu chochote ila subira, na mshumaa uliokuwa ukisuguliwa kila juma utasuguliwa mara moja kwa mwezi. Hilo lina maana, kwa sababu kila unapousugua unaupunguza unene.

Unapousafisha, utoe, uushike chini ya maji na kuusugua kwa brashi laini. Usitumie sabuni, kwani huingia ndani ya udongo na ladha yake haitoki upesi. Kisha uupime. Uloweke hadi ulowe kabisa, uuzamishe wote ndani ya maji, halafu upulize pole kupitia mrija safi uliovikwa kwenye shina lake. Mshumaa mzima hautoi kitu, kwa sababu vitundu vilivyojaa maji haviruhusu pumzi kupita. Mlolongo wa mapovu ukitoka mahali pamoja, pana ufa, na mshumaa huo hauna kazi tena. Suuza shina kwa maji safi ya kunywa kabla ya kulirudisha, na utazame ule mpira wa kuzuia maji kwenye nati. Mpira uliochakaa huvujisha maji machafu chini, hata kama mshumaa ni mpya. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Hata hivyo, mshumaa mzima nao una mipaka. Mwaka wa 1884 Mfaransa Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur, alitengeneza chujio la kauri la namna hii. Mwaka wa 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alipitisha katika chujio kama hilo maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa, akaona kwamba yaliyotoka yangali yanaambukiza. Hivyo ndivyo wataalamu walivyoanza kufahamu kuwa kuna viini vidogo kuliko bakteria, ambavyo leo twaviita virusi. Virusi vya Rota vinavyoharisha watoto, na vile vya ugonjwa wa ini wa aina ya A, ni vya kundi hilo. Kwa hivyo kama maji yako yanatoka mtoni au katika kisima kilicho karibu na vyoo, yachuje kisha uyatie dawa ya klorini kulingana na maagizo ya chupa na kungoja nusu saa, au uyachemshe.

Kuhusu kuchemsha, nyumba nyingi huteketeza makaa bure. Tulifundishwa dakika 10, wengine 20. WHO husema maji yakifika kuchemka kwa nguvu, yakitokota sufuria nzima, inatosha; yaepue na kuyaacha yapoe yenyewe yakiwa yamefunikwa. Hata hapa Nairobi, ambako maji huchemka kwa takriban nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, viini vya kuharisha havistahimili joto hilo. Yule asiye na chujio wala kuni ajaze chupa safi za plastiki zinazoangaza kwa maji yasiyo na tope, azilaze juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai humu nchini na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1996 ulionyesha kwamba njia hiyo ilipunguza kuhara.

Kisha kuna kikombe. Maji yaliyochujwa vizuri huharibiwa na mkono wa mtoto unaotumbukizwa ndani ya ndoo pamoja na kikombe. Huko Nyanza, wafinyanzi walianza kutengeneza nyungu zenye mdomo mwembamba, kifuniko na kifereji, ili mtu akinge maji bila kuyachota. Mtungi wa lita 20 wenye mdomo mdogo hufanya kazi hiyo hiyo.

Yule mama alinunua mshumaa mpya na mpira wake siku hiyo hiyo, na chujio lake analo hadi leo. Nilimwambia maji ya ndoo mbili za kwanza yasinywewe, kwa kuwa hubeba vumbi la udongo mpya. Si lazima kuyamwaga, lakini. Yeye aliyanyunyizia sukuma wiki.