Ndago kwenye uwanja wa nyumba: jua la Muscat ni dawa tosha

Ukikata majani ya uwanja wako Ijumaa asubuhi, na Jumapili ukakuta vijani vyembamba vya kijani kilichokoza vimesimama juu ya ukoka kama havikuguswa, hiyo ni ndago. Wengi wetu tunaijua tangu utotoni shambani. Hapa Muscat inatufuata mpaka mlango wa sebule; Waarabu wanaiita su'd. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walipotoa kitabu chao kuhusu magugu mabaya zaidi duniani, ndago ndiyo waliyoiweka ya kwanza.

Kuitambua hakuhitaji mtaalamu. Shika shina karibu na ardhi, liviringishe baina ya vidole viwili. Shina la ukoka ni la duara, la ndago lina kona tatu, na majani yake hutoka matatu matatu.

Shida iko chini. Kila mche una viazi vidogo kama punje za kunde, vimeunganishwa kwa nyuzi ngumu mithili ya tasbihi. Kiazi cha mwisho kikichipua, huwazuia wenzake wasiamke. Ukivuta jani kwa mkono, uzi unakatika, tasbihi inabaki ardhini, na kila punje sasa iko huru kuchipua. Ndiyo maana unang'oa moja leo, wiki ijayo unahesabu tatu.

Nyumba tunayopanga Al Khoudh ina kiuwanja cha mita nne kwa sita, na mwenye nyumba, bibi aliyezaliwa Unguja, alitaka kibaki na majani. Fundi mmoja wa bustani anayezunguka mtaani akatuletea suluhisho lake: chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, haina lebo, ndani dawa ya rangi ya buluu iliyoingia kijani. Jina la dawa hata yeye hakulijua. Mume wangu alikuwa tayari ametoa pesa mfukoni. Nilimwambia, "Baba Salma, hiyo haivuki geti." Binti yetu ana miaka miwili, na kila chupa kwake ni maji.

Mimi ni nesi. Stashahada nimesomea Tanga, shahada Uingereza, na kote huko jina moja lilitajwa kwa sauti ya chini: parakwati. Ni dawa ya magugu ambayo mara nyingi hutiwa rangi kama hiyo, pamoja na harufu mbaya, ili mtu asiidhanie kinywaji. Fundo moja la ile isiyochanganywa na maji linaweza kuua mtu mzima. Haina dawa ya kuizimua sumu yake. Mgonjwa anaweza kukaa siku kadhaa akizungumza na wanawe huku mapafu yakiharibika, na hata oksijeni, ambayo sisi manesi huikimbilia kwanza, inaweza kuzidisha madhara. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Na kinachoniudhi zaidi: kwa ndago haifai kitu! Inaunguza jani tu, viazi vinabaki salama vikisubiri maji ya jioni.

Mtoto akinywa dawa yoyote ya bustani, usimtapishe na usingoje dalili. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, piga 9999, na uibebe chupa yenyewe hospitali.

Dawa zinazoshuka mpaka kwenye viazi zipo. Glifosati hushuka, lakini inaua na ukoka. Halosulfuroni huchagua jamii ya ndago na kuuacha ukoka, ila hurudiwa zaidi ya mara moja. Anayezitaka anunue chombo kilichofungwa, chenye lebo anayoweza kuisoma. Kwa uwanja wa ukubwa wa chumba na mtoto anayelamba udongo, mimi sikuona haja.

Ndago huvumilia jembe, maji na hata moto wa juu juu. Isichovumilia ni kukauka na joto kali, na Muscat mwezi Juni ina vyote viwili bure. Tulikuwa na mabaka matatu. Tulichimba kila moja kwa beleshi, kina cha sentimita 20, tukavuka shubiri moja nje ya pale majani yanapoishia, maana viazi hutangulia majani. Udongo tukauchekecha kwa chekecheke la mchanga. Viazi tukavianika juu ya dari la saruji mpaka vikawa kama mawe, ndipo vikaenda jalalani. Kuvitupa wadini ni kumpelekea jirani.

Udongo tukaurudisha, tukaulowesha ili joto lipenye, tukaufunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, kingo zote zimefukiwa, wiki sita. Watu hukimbilia nailoni nyeusi. Ncha ya ndago iliyo gizani hubaki imechongoka na huitoboa. Ikiona mwanga hufunua majani, ikaungua hapo hapo chini ya nailoni. Ukoka uliomo nao hufa, kwa hiyo funika mabaka tu.

Baada ya hapo ni subira. Mche mpya huanza kutengeneza viazi baada ya wiki tatu hivi, basi sisi tunang'oa kila wiki mbili, na beleshi dogo, si kwa kuvuta. Maji tumepunguza, mengi kwa mara chache badala ya kidogo kila jioni, na ukoka tunauacha mrefu kidogo kwa sababu ndago haipendi kivuli. Huu ni msimu wa pili. Nikirudi zamu ya usiku napita uwanjani na kikombe cha chai. Wiki iliyopita niliokota mashina manne.

Mara nyingi huingia na mizigo: udongo wa mifuko, mikeka ya ukoka, miche ya kitaluni. Ukinunua mche, mwombe muuzaji autoe kwenye kopo mbele yako. Ukiona vijiazi vyeusi kwenye mizizi, mrudishie.