Umeme unaozunguka juu ya ikweta

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilisuasua Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku mbili kabla yake Dunia ilikuwa imepigwa na dhoruba ya sumaku kubwa kuliko zote tangu 2003, na picha za anga jekundu na zambarau kutoka Ulaya na Marekani zilikuwa zimejaa mitandaoni. Ilikuwa rahisi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Kumbe zilizotuangusha ni kebo: EASSy na Seacom, zinazolala chini ya Bahari ya Hindi, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Jua halikuwa na hatia.

Kuna dhana nyingine ambayo imeota mizizi zaidi, kwamba dhoruba hizi ni mambo ya Norway na Canada, na sisi wa ikweta hazituhusu kwa kuwa mianga ile hatuioni. Hapo ndipo tunapojidanganya. Mkondo wa umeme ambao kwao ukubwa wa dhoruba hupimwa unapita juu ya ikweta.

Jua halitoi mwanga peke yake. Hutoa pia plazima, yaani gesi yenye joto kali ambayo elektroni zimeng'oka kutoka kwenye atomu zake. Plazima hiyo, inayoitwa upepo wa Jua, husafiri kwa wastani wa kilomita 400 hivi kwa sekunde. Chembe zenye chaji hazikatizi sumaku kirahisi. Kwa hiyo, upande wa mchana, upepo huzuiwa kilomita 60,000 hivi kutoka kwetu, ukapita pembeni na kuuvuta uga wa sumaku wa Dunia hadi uwe mkia mrefu upande wa usiku, mkia unaovuka hata njia ya Mwezi.

Siku nyingi mambo huishia hapo. Mambo hugeuka pale upepo unapofika ukiwa na sumaku inayoelekea kusini, ilhali ile ya Dunia, hapo mbele, inaelekea kaskazini. Zikikutana hivyo, mistari ya nguvu ya sumaku hukatika na kuungana upya, wa kwetu na wa Jua, na nishati huanza kuingia na kulimbikizwa mkiani. Mkia huvutika mpaka nao ukatike. Sehemu iliyobaki upande wetu hurudi kwa kasi kama mpira wa manati ulioachiwa, ikiisukuma plazima kuja Duniani.

Plazima hiyo haituangukii. Sumaku huipinda, ioni zikazunguka Dunia kuelekea magharibi na elektroni kuelekea mashariki. Kwa kuwa chaji zao zinapingana, mizunguko yote miwili hujumlishwa kuwa mkondo mmoja wa umeme unaokwenda magharibi, pete kubwa iliyo makumi ya maelfu ya kilomita juu ya ikweta. Pete hiyo ina sumaku yake, na huku chini tulipo sumaku hiyo huipunguza ile ya Dunia. Upungufu huo ndio unaopimwa, katika vituo vinne: Hermanus nchini Afrika Kusini, Kakioka nchini Japani, Honolulu na San Juan. Havikuwekwa ikweta yenyewe kwa sababu huko kuna mkondo mwingine, kilomita 100 hivi tu juu ya ardhi, ambao mchana hupita juu ya Ethiopia na kuvuruga vipimo. Mei 2024 upungufu ulifika nanotesla 400 hivi, kwenye uga ambao kwa kawaida ni nanotesla 30,000 na ushei.

Moja ya setilaiti za mwanzo zilizotumwa kuichunguza pete hiyo iliondokea pwani ya Kenya. Tarehe 15 Novemba 1971 roketi ya Scout iliibeba Explorer 45 kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Tunaikumbuka zaidi Uhuru, iliyorushwa hapo hapo tarehe 12 Desemba 1970, na jina lake lina mchango katika hilo. Kwa maoni yangu Explorer 45 haikustahili kusahauliwa. Mwezi mmoja tu baada ya kurushwa, dhoruba ilivuma nayo ikiwa ndani ya pete. Robert Hoffman na wenzake wakaona jambo geni: ioni za nishati ya kati zilikuwa zimepenya karibu na Dunia kuliko nyingine zote, na kwenye mchoro zikachomoza kama umbo ambalo wao waliliita pua. Ioni dhaifu huchukuliwa na mzunguko wa Dunia kwenda mashariki, na zenye nishati kubwa hugeuzwa magharibi zikiwa bado mbali. Kwa zile za kati, mivuto hiyo miwili karibu inafutana, kwa hiyo huja moja kwa moja.

Setilaiti za baadaye ziliongeza la kushangaza. Katika dhoruba kubwa, sehemu kubwa ya pete huwa ni oksijeni, na oksijeni hiyo haitoki Juani. Imepanda kutoka kwenye angahewa letu wenyewe.

Mtu wa kawaida huguswa zaidi kupitia GPS. Plazima ya tabaka la juu la hewa hufanya mapovu juu ya ikweta baada ya Jua kutua, hata pasipo dhoruba, na mawimbi ya setilaiti hutawanyika yakipita humo. Dhoruba inaweza kuyazidisha mapovu hayo au kuyazima, kutegemea saa iliyoanza.

Na mwili je? Wenye sababu ya kuogopa ni wanaanga, hasa wanaovuka mikanda ya mionzi aliyoigundua James Van Allen mwaka 1958. Huku chini, hewa iliyo juu yetu huzizuia chembe za mionzi hiyo zisitufikie. Ule ujumbe wa WhatsApp unaotuamuru tuzime simu usiku kwa sababu miale hatari itapita karibu na Dunia hauna msingi wowote. Ukiutii, kitakachokupata ni kuchelewa kuamka.