Mpe Jembe

(Mazungumzo ya redioni. Masomo ya kusoma nyumbani: Ruthu 1 na 2, Mambo ya Walawi 19:9-10 na 33-34, 2 Wathesalonike 3:6-12)



Ipo methali ambayo sisi sote tumeisikia tangu utoto: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twaitumia tunapowaona watu wamepanga foleni kwa wakala wa benki wakingoja fedha za msaada. Twaitumia zaidi tunapowataja wakimbizi wa Dadaab. Twauliza: Watu hawa watalishwa mpaka lini? Mbona hawafanyi kazi kama sisi? Leo nataka tuitazame methali hiyo pole pole, kwa maana nadhani wengi wetu tumeishika nusu yake tu.

Angalieni, methali hiyo haisemi na mgeni. Yasema na mwenyeji. Anayeambiwa "mpe" ni mwenye nyumba. Kabla hajamlaumu mgeni kwa kukaa bure, imempasa kutimiza wajibu wake: amkaribishe siku mbili, na siku ya tatu amtilie jembe mkononi na kumwonyesha shamba. Basi, tukimwona mtu hana kazi, swali la kwanza si "Je, ni mvivu?" Swali la kwanza ni hili: "Je, jembe amepewa?"

Fedha za Griftu

Tuanze Griftu, upande wa magharibi wa mji wa Wajir. Hiyo ni nchi ya wafugaji. Utajiri wa mtu wa huko ni ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Wakristo wa huko ni wachache, na wengi wao wametoka mikoa mingine kwa ajili ya kazi: walimu, wauguzi, askari na watumishi wa serikali. Mtu aliyezoea kuona mahindi na viazi kwao hufika huko, akaona wazee wamekaa kivulini, akasikia kwamba kaya kadhaa hupokea fedha za serikali, akasema moyoni: Ndiyo sababu hawafanyi kazi.

Tuzitazame fedha hizo. Mwaka 2009 ulianza mpango wa kuwakinga watu na njaa, unaojulikana kwa herufi zake HSNP, katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Baadaye ukasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame. Kaya zipatazo 100,000 zilizo maskini kabisa katika sehemu hizo nne ziliwekwa kwenye orodha ya kulipwa kwa kawaida, na tangu 2016 malipo yakawa shilingi 5,400 kila miezi miwili. Fanyeni hesabu pamoja nami. Hizo ni shilingi 2,700 kwa mwezi, yaani shilingi 90 kwa siku. Kaya ikiwa na watu 6, kila mmoja apata shilingi 15 kwa siku, tena kama malipo hayakuchelewa. Je, ndugu yangu, nani kati yetu angeacha kazi yake kwa shilingi 15 kwa siku?

Waliouchunguza mpango huo katika awamu yake ya kwanza hawakuona kwamba fedha hizo ziliwafanya watu waache kazi. Waliona kwamba ziliisaidia kaya kununua chakula, na kwamba mwenye kadi hupata kwa urahisi zaidi kukopeshwa na mwenye duka. Na ule ukame mkali wa 2011 ulipokuja, zile kaya zilizokuwa zikipokea ziliustahimili kuliko zile zisizopokea.

Nanyi mnajua yaliyofuata. Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Mfugaji aliyepoteza mbuzi wake wote si mtu aliyekataa kazi. Kazi yake ndiyo iliyokufa mbele ya macho yake. Kwa mkulima jembe ni chuma. Kwa mfugaji jembe ni mbuzi jike mwenye maziwa. Kumwambia afanye kazi hali hana hata mbuzi mmoja ni sawa na kumwambia mkulima alime kwa kucha.

Mgeni aliyenyimwa jembe

Sasa tushuke kusini mpaka Dadaab, katika Garissa. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, watu walikimbia vita kwa maelfu. Ndipo zikafunguliwa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizokusudiwa watu wapatao 90,000. Mwaka 2011, njaa ilipotangazwa katika sehemu za Somalia, hesabu ya watu Dadaab ilipita 400,000. Wapo watu waliozaliwa humo, wakaoa humo, na wamezaa watoto humo.

Je, mgeni huyu alipewa jembe? Kwa muda mrefu, hapana. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila hati ya ruhusa. Kibali cha kazi kilikuwa kigumu mno kukipata. Mkimbizi aliyefundisha darasani au kuhudumia wagonjwa katika kambi alilipwa posho ndogo, si mshahara, ingawa pengine alifanya kazi ile ile ya Mkenya aliyekaa karibu naye. Hata hivyo watu hao hawakukaa bure. Walifungua maduka, wakauza nguo, wakafuma, wakashona, wakauza maziwa na nyama. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2010 ulikadiria kwamba wenyeji wa sehemu zinazozunguka kambi walipata faida ya dola za Kimarekani zipatazo milioni 14 kwa mwaka kutokana na kambi hizo na shughuli zake.

Hivyo basi, tumetenda jambo la ajabu. Tumemfungia mtu mlango wa shamba, kisha tumesimama mlangoni tukimcheka kwamba halimi.

Shamba la Boazi

Neno la Mungu lasemaje? Kitabu cha Ruthu chaanza na njaa. Elimeleki na Naomi walitoka Bethlehemu wakaenda nchi ya Moabu kutafuta chakula. Basi watu wa Bethlehemu ndio waliotangulia kuwa wageni katika nchi ya watu. Nasi Wakenya tusisahau: katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya wenzetu walivuka mpaka wakapokelewa Uganda. Anayemcheka mkimbizi leo hajui kesho mguu wake utakanyaga wapi.

Naomi aliporudi, alirudi na mkwewe Ruthu, mwanamke Mmoabu, mjane, mgeni. Ruthu alipataje chakula? Kwa sheria. Katika Mambo ya Walawi Mungu aliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, wala wasirudi kuokota yaliyoanguka, kwa kuwa hayo ni fungu la maskini na mgeni. Tazameni hekima ya sheria hiyo! Haikumpa mgeni chakula tu, akakaa. Wala haikumwambia afanye kazi, halafu ikamfungia shamba. Ilimpa vyote viwili kwa pamoja, chakula na kazi. Ruthu aliokota tangu asubuhi hata jioni, akarudi kwa Naomi na shayiri kadiri ya efa moja.

Tena Boazi hakuishia kwenye sheria. Aliwakataza vijana wake wasimguse. Alimruhusu anywe maji katika vyombo vyao. Akawaagiza wavunaji waache masuke mengine makusudi ili aokote bila kuaibishwa. Huyo ndiye mwenyeji aliyeijua siku ya tatu. Na kutoka nyumba hiyo, ndugu zangu, alizaliwa Daudi, na katika ukoo huo Bwana wetu.

Wengine watajibu: Je, Mtume Paulo hakuwaambia Wathesalonike kwamba asiyefanya kazi asile? Tusome vizuri. Paulo alimtaja mtu asiyetaka kufanya kazi. Alisema na ndugu waliokuwa na nafasi ya kazi, wakaiacha, wakashughulika na mambo ya wengine. Hakumtaja mjane, wala mzee, wala mtu aliyezuiliwa na sheria, wala yule ambaye ukame umemnyang'anya kundi lake. Kati ya "hataki" na "hana njia" pana bonde kubwa, nasi tutaulizwa kama tulilivuka kwa haraka tu ili tupate kuhukumu.

Malalamiko ya mwenyeji

Lakini haifai kumkemea mwenyeji bila kumsikiliza. Yuko mama wa Garissa au Wajir ambaye watoto wake walilala njaa, huku akiona magari ya chakula yakipita kuelekea kambini. Uchungu wake ni wa kweli. Ulikuwa wa kweli hata makumi ya maelfu ya Wakenya wa Kaskazini Mashariki wakajiandikisha kambini kama wakimbizi, wengi kwa ajili ya chakula, matibabu au shule ya watoto. Baadaye walipoomba kitambulisho walikataliwa, kwa maana alama za vidole vyao zilikuwa katika orodha ya wakimbizi. Wakawa wageni katika nchi waliyozaliwa. Mwaka 2025 jambo hilo lilifikishwa mpaka kwenye uamuzi wa Mahakama Kuu mjini Garissa, iliyoamuru waondolewe katika orodha hiyo.

Twaweza kuwaita wadanganyifu. Lakini mtu haukani uraia wake kwa ajili ya mgao wa unga kama hakusukumwa na njaa. Kisa hicho chatufundisha kwamba maskini wawili wamefanywa kugombana juu ya kibaba kimoja. Dawa si kumnyang'anya mmoja, bali ni kuwakumbuka wote wawili.

Iko pia hofu. Hatujasahau tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi Wakristo. Machozi hayo hayajakauka. Lakini ukweli pia usemwe: mmoja wa wauaji hao alikuwa Mkenya, aliyehitimu sheria katika chuo kikuu cha hapa nchini. Uovu hauna kambi yake peke yake. Mkulima mwenye busara hung'oa magugu. Hachomi shamba zima.

Yatupasa kufanya nini?

Milango sasa imeanza kufunguka kidogo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, yampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watashiriki shule, hospitali na masoko. Wakati huo huo mgao wa chakula umepunguzwa sana. Basi siku ya tatu imefika, na siku hiyo ni yetu sisi wenyeji.

Kwanza, tuutawale ulimi. Tukisikia mtu akisema "watu hawa ni wavivu," tumwulize kwa upole kama jembe wamepewa.

Pili, tupende kweli. Mzee wa miaka 70 anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi katika Inua Jamii si mwizi wa kodi yetu. Lakini chifu, karani au jirani anayeandika jina lisilostahili katika orodha ameiba sufuria ya mjane. Kanisa lisinyamaze, hata kama mwizi huyo huketi benchi ya mbele.

Tatu, tufungue shamba. Mwenye duka na amnunulie mgeni bidhaa yake kwa bei ya haki. Mwenye ufundi na amfundishe mtu. Usharika wenye mtu ajuaye mambo ya ofisi na umsaidie mwenye shida ya hati. Na yeyote anayemwajiri mkimbizi asimpunje kwa kuwa hana pa kushtaki, maana Mungu wa Ruthu husikia.

Nanyi Wakristo wachache mlioko Griftu, walimu, wauguzi na askari, kumbukeni kwamba ninyi nanyi ni wageni hapo. Mnakunywa maji ya visima vya watu wengine. Mtu ajuaye utamu wa kukaribishwa hawezi kuwa mkali mlangoni pake.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, Mwanao alibebwa Misri mikononi mwa wazazi wake, akakimbizwa upanga wa Herode akiwa mtoto mchanga. Wabariki waliompokea, ambao majina yao hatuyajui. Wape mvua wafugaji wa Wajir. Wape wakimbizi wa Dadaab kazi ya mikono yao na usingizi wa amani. Utuondolee ulimi wa kuhukumu, utupe mkono wa kutoa jembe. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.